Sauti ya Pili Katika Video ya Lafey

Mbele ya duka langu mjini Garissa kuna kibanda cha chai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali. Mwenye kibanda ni mama wa Kisomali ambaye tumekuwa majirani tangu nilipofungua duka. Mimi nilikuja huku kutoka Kirinyaga, nikimfuata mume wangu alipoletwa kufundisha shule ya upili. Nikaona nisikae bure, nikaanza kazi ya kurekodi arusi, kuhamisha kanda za zamani, na kubadilisha video za watu ziweze kucheza kwenye simu na televisheni zao. Jirani yangu huniita abaayo, yaani dada, nami humwita hivyo hivyo. Kila asubuhi huniletea chai ya maziwa ya ngamia kabla sijawasha kompyuta.

Asubuhi hiyo alikuja bila chai. Alifunga mlango mwenyewe, akanipa simu yake.

"Abaayo, hii fideo imetoka kwa hooyo," alisema. "Bicha iko, sauti hakuna. Analia. Mimi sijui analia nini."

Hooyo ni mama. Mamake anaishi Lafey, kule karibu na mpaka wa Somalia. Mnara wa simu wa huko ulikuwa umeharibiwa, na kwa wiki kadhaa hakuna simu iliyoingia wala iliyotoka. Video ile ilikuwa imesafiri na malori, ikirushwa kutoka simu ya dereva mmoja hadi ya mwingine, Elwak, Wajir, Modogashe, mpaka Garissa. Dereva wa mwisho hakujua habari yoyote. Aliambiwa tu ampe mwenye kibanda cha chai, amwambie imetoka kwa mamake.

Niliitazama. Mwanamke mzee ameketi kwenye mkeka mlangoni kwake. Anasema maneno mengi, anasita, anapangusa macho kwa ncha ya mtandio, anasema tena. Kisha anainua viganja kama anayeomba dua. Mwishoni ananyosha mkono kuelekea kwa anayemrekodi, picha inatikisika na kukatika. Yote hayo kimya kabisa.

"Ananiaga," jirani yangu alisema. "Anajua anakufa, ananiaga, na mimi sisikii."

Nilimwambia aketi. Nilijua shida za namna hiyo, au nilidhani najua. Faili la video ni kama sanduku: ndani yake picha iko peke yake na sauti iko peke yake, na simu ikishindwa kusoma kimojawapo hukionyesha kile kingine bila kukwambia lolote. Nilihamisha faili kwenye kompyuta, nikalifungua katika programu yangu ya kubadilishia fomati, nikaacha mipangilio yangu ya kila siku: iingie ilivyo, itoke MP4. Ikatoka MP4 nzuri, picha safi. Sauti hakuna.

Jirani yangu aliangalia kioo cha kompyuta, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, na nje jua la Garissa lilikuwa tayari limewaka.

Nikarudi kwenye faili lenyewe, nikafungua ukurasa unaoonyesha vilivyomo ndani. Picha moja. Sauti mbili. Hapo nikaketi wima. Ile ya kwanza ilikuwa ya aina mpya ambayo programu yangu haikuitambua. Ya pili ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Programu ilikuwa inachukua ya kwanza, inashindwa kuisoma, inaitupa, na kuendelea na picha kana kwamba hakuna kilichopotea.

"Hii simu iliyorekodi ni ya nani?" nilimuuliza. "Ni simu za kisasa zinazorekodi sauti mbili hivi."

"Mama yangu ana kabambe, ile ndogo ya vitufe," alisema. "Labda ni ya dereva."

Nikaondoa alama kwenye sauti ya kwanza, nikaiweka kwenye ya pili. Upande wa kutoa nikachagua sauti ya kawaida ambayo simu yoyote huielewa, nikahakikisha programu haitatupa kitu bila kuniuliza. Nikabonyeza. Kazi ilipoisha nikaongeza sauti ya spika na kuicheza.

Kwanza tulisikia upepo. Kisha mbuzi. Kisha sauti ya mwanamke mzee, nyembamba lakini yenye nguvu, na jirani yangu akatoa pumzi na kusema, "Hooyo." Kisomali changu ni cha salamu na cha soko, kwa hiyo sikuelewa mama alichosema. Nilikuwa naangalia uso wa binti yake nipate kujua kama ni msiba.

Ndipo akacheka mwanamume. Alikuwa karibu na simu, huyo anayeishika, na kicheko chake kilijaza duka lote. Akasema maneno machache.

Jirani yangu alisimama. Alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka nyuma yake. Aliweka kiganja chake juu ya kioo cha kompyuta, juu ya uso wa mamake, kana kwamba anataka kuzuia kitu kisitoke.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Mwanamume akacheka tena.

"Umefanya nini?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Umeweka nini hapa?"

"Sijaweka kitu, abaayo. Ilikuwa ndani."

"Hiyo ni sauti ya ndugu yangu."

Ndugu yake nilikuwa namjua kwa habari zake. Aliondoka akiwa kijana, akashika ile safari wanayoiita tahriib, kupitia Sudan na Libya kwenda kutafuta Ulaya. Baadaye ilikuja habari kwamba mashua waliyopanda imezama. Hakukuwa na maiti ya kuzika, kwa hivyo walimsalia sala ya ghaibu hapa Garissa. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilibeba sukari na majani ya chai, nikaketi na wanawake kwenye mkeka, nikamshika huyu huyu mkono akilia.

"Siku hizi watu wanatengeneza sauti," alisema. "Nimeona kwa simu. Mtu hajaimba, wanamwimbisha. Kwa nini unanifanyia hivi?"

Miaka yote tuliyoishi mlango kwa mlango hajawahi kunitazama vile. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimwambia, "Njoo usimame hapa. Tazama kila ninachobonyeza."

Nikafanya upya tangu mwanzo. Nikamwonyesha faili kama lilivyotoka kwenye simu yake, nikamwonyesha zile sauti mbili. Safari hii niliondoa picha kabisa, nikatoa sauti peke yake, kwa sababu niliona uso wa mamake unamvuruga. Nikampa hedifoni.

Alifumba macho. Nilimwona akisikiliza upepo, nikamwona akisikiliza mama. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Halafu akafika mahali fulani, akafumbua macho ghafla na kuvua hedifoni.

"Ni yeye," alisema. Alilisema kwa Kiswahili, nikaona ajabu, maana jambo kubwa namna hiyo nilitarajia alitamke kwa lugha ya mamake. "Ameniita jina la utoto. Walinipa kwa sababu ya masikio yangu. Hata mume wangu halijui."

Hakulia. Alinitafsiria yote akiwa amesimama, macho yakiwa ukutani. Mama alikuwa anasema: mtazame huyu anayeshika simu, mimi namuuliza Mungu kama naota, njoo umwone kabla sijaamka. Na yule mwanamume alikuwa anacheka na kumwambia, hooyo, uko macho, mimi ni wako. Kisha akamwita dada yake kwa lile jina, akamwambia asiogope. Ule mkono ulionyoshwa mwishoni ulikuwa wa mama akitaka kumgusa tena.

Alimpigia adeer, yaani baba mdogo, ndiye aliyesimamia ile sala ya ghaibu. Mzee alifika upesi kuliko nilivyodhani anaweza kutembea. Nilimkalisha kwenye benchi ninalowakalisha maarusi wakipigwa picha, nikacheza video. Kicheko kiliposikika alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi..." akasita katikati. Alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Hiyo nilishaisema."

Kisha akauliza, bila kumwangalia yeyote, "Mtu akisaliwa naye yuko hai, inakuwaje?" Sidhani alikuwa anatuuliza sisi.

Nilimtengenezea jirani yangu nakala itakayocheza kwenye simu yake, na ya mzee nikaipunguza iwe ndogo, kwa fomati ya zamani ambayo simu yake ya vitufe inaikubali. Mzee aliishika simu sikioni kama anayepigiwa, akatoka nayo barabarani hivyo hivyo, akisikiliza. Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Jirani yangu alikuwa amepanda basi la Mandera, kwenda kwa mamake.

Kwa siku nyingi nilikaa na mambo hayo peke yangu. Mume wangu aliniambia nifurahi, mtu amepatikana. Nilikuwa nafurahi, lakini kila nilipofungua kazi ya mteja nilijikuta nikikagua faili mara mbili, tatu, kama mtu anayesukuma mlango asiyejua nani yuko nyuma yake.

Walirudi pamoja. Niliwaona wakishuka mbele ya kibanda, jirani yangu na mwanamume mwembamba mwenye mvi kidevuni, anayeonekana mzee kuliko dada yake mkubwa. Mwanamume huyo alipoingia dukani kunisalimu nilishtuka upya. Nilikuwa nimemzoea kwenye spika. Sikuwa tayari kumwona na miguu na viatu. Nilimpa mkono, wake ukawa wa moto na mkavu. Nilikuwa nimeuomboleza mkono huo.

Alinieleza kwa Kiswahili kilichoshika kutu. Hakupanda ile mashua. Siku hiyo alikuwa kifungoni Libya. Alipotoka alikutana na mtu wa kwao aliyemwambia, wewe umeshasaliwa. Akaenda Uturuki, akashona viatu kiwandani mpaka alipofukuzwa nchini, akaingia Mogadishu, kisha akatafuta njia ya kufika kwa mamake.

"Niliona haya," alisema. "Nifufuke mbele yenu mikono mitupu?"

"Ulikuwa na simu," dada yake alisema kutoka mlangoni. Hapo ndipo nilipomsikia amekasirika kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Simu nzuri kuliko yangu. Kila siku simu iko kwa mfuko, na sisi tunakulilia."

Ndugu yake aliangalia chini, akauliza kama anaweza kuiona ile video kwenye kioo kikubwa. Nikaicheza. Alisimama akimtazama mamake akilia, akijisikia mwenyewe akicheka, na kile kicheko kilipofika alikunja uso.

"Mama analia, na mimi nacheka," alisema. "Futa hiyo, tafadhali. Futa kila mahali."

"Usifute," dada yake alisema.

"Ni mimi nilirekodi."

"Ni mimi nilitumiwa."

Waliendelea kwa Kisomali, haraka, sauti zikipanda, kisha akalia yule mwanamume na si dada. Dada alimtazama kidogo, akatoka kwenda kwenye kibanda chake, akarudi na chai vikombe viwili. Kimoja alinipa mimi. Kingine alikiweka mezani mbele ya ndugu yake bila kumtazama, akarudi kwa wateja wake.

Video bado ninayo. Ndugu yake alirudi Lafey kukaa na mama, na mnara ulipotengenezwa akawa anampigia dada yake kila siku. Siku nyingine dada anapokea. Siku nyingine naiona simu ikilia kando ya jiko, naye anaendelea kumimina anjera.