Kurasa Zilizosema Picha

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na natamani ningeisahau. Nilikuwa mhadhiri mchanga katika chuo kimoja katikati ya jiji, wa kwanza pale kuwatumia wanafunzi masomo kwenye simu. Niliandika kwa mkono, nikapiga picha kila ukurasa, nikatuma kwenye kundi la darasa. Aliyeko mbali akapata sawa na aliyeko karibu. Mkuu wa chuo alinisifu mbele ya watu, nami kichwa kikavimba.

Darasani alikuwemo Kavata wa mtaa wa Waithaka, msichana asiyeona. Simu yake ilikuwa ikimsomea maandishi kwa sauti. Alinijia ofisini wiki ya kwanza.

"Madam, simu inaniambia tu ni picha. Hakuna kitu inasoma. Si uniandikie tu kwa simu?"

Nilimwambia awaombe wenzake wamsomee. Kuchapa kurasa zile kungenila wikendi nzima, na wikendi zangu nilizipenda. Wenzake walimsomea kwa muda, wakachoka. Yeye hakurudi kunisumbua, nami nikadhani mambo yamekaa sawa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mitihani ilipokaribia, Mzee Athumani, mkutubi wetu kutoka Lamu, mtu asiyepandisha sauti hata akiudhiwa, aliniita maktabani. Aliniwashia ile sauti ya kusoma kwenye simu yangu mwenyewe, akaniambia nifumbe macho nitafute somo langu. Simu ikasema: picha. Nikapapasa. Picha. Nikapapasa tena. Picha. Nilipotaka kufumbua macho, alinizuia.

"Bado, binti yangu. Mwenzio amekaa humo muhula mzima."

Nilichapa kila kitu Jumamosi hiyo, nikamtumia. Ujumbe ukabaki na tiki moja, haukumfikia. Jumatatu nilikwenda Waithaka. Mama yake hakunikaripia, heri angenikaripia. Alisema Kavata amerudi Kitui kwa nyanya yake, na simu ameiacha kabatini, imezimwa, kwa kuwa haina kazi tena. Alitaka kuwa mwalimu, yule msichana. Nilituma salamu kwa kila jamaa yake niliyempata, na chuoni hakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo nawe umekuwa mwalimu, nakuona na kamera yako nzuri, ukisema elimu sasa ni ya wote. Nisikudanganye, sina matumaini makubwa. Kila mwaka naona picha zilezile zikitumwa, na wanaoondoka kimya ni wengi kuliko wanaolalamika. Hata hivyo nakuomba, mwanangu: kabla hujatuma somo, fumba macho ulitafute. Na mwanafunzi akikwambia hapati, usimsukumie wenzake. Mchapie siku hiyohiyo.

Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na akujalie ujumbe wako umkute mwanafunzi angali anaungoja. Wangu ninao hadi leo. Bado una tiki moja.