Nchi Tuliyoichora kwenye Mifuko ya Saruji

Kaka yangu alipokosa kazi, tulianza kuchora nchi. Alikuwa fundi wa injini kwenye gereji moja ya Gerezani, lakini miaka ile vipuri vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, na magari yaliyoingia gereji yalikaa mpaka majani yakaota chini yake. Mwenye gereji, mzee wa Kihindi, akawaambia mafundi wakapumzike nyumbani kwanza. Kaka akarudi na mifuko mitupu ya saruji. Akaichana, akaikung'uta uani, akaitandaza kwenye sakafu ya chumba chetu Kariakoo. Baba alishafariki, mama alishinda sokoni akiuza mchicha, na mimi nilikuwa darasa la nne.

"Tuanze na milima," alisema, kipande cha mkaa mkononi. "Mvua lazima ipate pa kugonga."

Mimi nilitaka nchi isiyo na mbu.

"Sawa. Vyura watakula nini?"

"Nzige."

"Nzige watamaliza mpunga wa watu kwanza. Na vyura wakifa, korongo tuliowachora bwawani waende wapi?"

Nikanuna, mbu wakabaki. Ndivyo alivyokuwa. Hakukubali mnyama aingie bila chakula chake, wala mto bila chanzo. Nilipochora twiga jangwani alinifutia, akaniambia nimpandie migunga kwanza. Tulibishana hata tukiwa kwenye foleni ya duka la ushirika, watu wakatugeukia walipotusikia tukigombania fisi alale wapi.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, tukingoja unga. Lori lilisimama, mgambo wakashuka, wakaanza kupita mtu kwa mtu. Siku hizo waliokutwa mjini bila kazi walipelekwa vijijini kulima.

"Ndugu, kitambulisho cha kazi."

"Mimi fundi. Gereji imesimama."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Kazi ninayo. Vipuri ndiyo hakuna."

Mgambo alitabasamu, wala si kwa ubaya. "Panda. Ardhi iko tele, utalima."

Kaka alinipa kikapu. "Shika nafasi yetu. Mwambie mama." Nikashika nafasi. Nilipofika dirishani unga ulikuwa umekwisha.

Mama alizunguka kila alikoambiwa aulizie. Jioni alirudi, akakaa kitandani bila kuvua kanga ya kichwani. "Wameshaondoka," alisema. "Kusini huko." Hakuna aliyemtajia kijiji.

Nikaendelea kuchora peke yangu. Niliunganisha mfuko mwingine upande wa kusini, nikapanda msitu wa mipapai na mipera, nikapitisha mto mpana katikati. Kando ya mto nikamjengea kaka nyumba. Kila nilipotoka shule niliongeza kitu: samaki, bata, shamba la mihogo. Nilikuwa na hakika akirudi atafurahi.

Alirudi juu ya lori la mkaa, mahindi ya mwaka ule yakiwa tayari kuvunwa mashambani. Sikumtambua mpaka aliponiita. Shingo imebaki mishipa, kaptura ameifunga kwa kamba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, akaingia ndani akalala.

Alipoamka nilimtandazia karatasi. Aliinama juu yake muda mrefu.

"Hii nyumba ya nani?"

"Yako. Karibu na mto, ili usihangaike na maji."

"Sisi tulikunywa ya dimbwi," alisema. "Ng'ombe wanaingia humo humo. Mahindi yakiwa machanga nyani wakaja, wakala yote." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Futa huo mto."

"Kwa nini?"

"Hauna chanzo. Nani kakwambia huko kuna milima?"

Nilifuta kwa kiganja huku nalia. Mkaa haufutiki vizuri, karatasi ikabaki na doa jeusi. Naye akageukia ukutani.

Alikuwa anaharisha damu tangu huko alikotoka, na alituficha mpaka alipoanguka uani. Hospitali walimlaza chini, vitanda vimejaa, dawa hakuna. Mama alimpelekea uji kila asubuhi. Asubuhi moja alirudi na uji wote kwenye chupa, nikajua.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Wanawake walipika uani, kuni zilikuwa mbichi, moshi tu. Jirani mmoja aliingia chumbani kwetu kutafuta cha kuwashia, akatoka na karatasi zetu zote chini ya kwapa. Mwanamke mwema, ndiye aliyekaa na mama tangu siku ya msiba. Nilimfuata mpaka uani. Alizikunja, akazisukuma chini ya sufuria, zikashika mara moja.

Nilikaa pale pale nikitazama. Wali ukaiva, watu wakala, na mimi nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa.