Usukani wa pikipiki yangu ulivyocheza mteremkoni, mke wangu akiwa nyuma

Wakuu, habari za humu.

Ninachowaletea leo kimenipata mimi mwenyewe na sijakitia chumvi. Mahali nilipoogopa nimeandika kwamba niliogopa, na mahali nilipokosea mtapaona wenyewe.

Nipo Kolwezi, Kongo. Wazee wetu walitoka Maniema, na ukoo wetu wote ni wa biashara na usafirishaji. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, mnakicheka kila siku, kwa hiyo nitajitahidi kuandika kile cha shuleni. Ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama walivyo.

Mke wangu, Mama Zaina, anauza vitenge. Mara mbili kwa wiki nampeleka soko la Fungurume kwa pikipiki yangu ya cc 125. Yeye anakaa nyuma yangu, na nyuma yake kuna furushi la vitenge limefungwa kwa mpira. Barabara ni ya lami na ni nzuri, lakini tunaigawana na malori ya shaba. Mwenye kuijua anaelewa.

Tatizo lilianza kidogo tu.

Nikiwa spidi ya sitini hivi, nikiachia gesi ili nipunguze mwendo, usukani ulikuwa unatetemeka. Kushoto kulia, kushoto kulia, harakaharaka, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Nikiongeza gesi unatulia, na nikishuka chini ya arobaini unatulia.

Nikampelekea Tata Mukendi.

Huyu ni fundi wa mtaa wetu, Mkasai, mzee wa kanisa. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mgodi, akitengeneza mitambo mikubwa. Alipostaafu akafungua kibanda cha pikipiki mbele ya nyumba yake. Mikono yake ni mizito na moyo wake ni mweupe. Hajawahi kuniambia uongo, na ndiyo maana nampenda.

Tata Mukendi akasikiliza, akatikisa usukani, akasema shingo imelegea.

Kwa wasiojua: shingo ni lile bomba fupi la mbele kwenye fremu, ambamo ndani yake unazunguka mhimili wa usukani. Juu kuna vyuma viwili vyenye umbo la kikombe, chini kuna viwili vingine, na katikati yao zinatembea gololi. Nati moja ya mviringo inavibana vyote kwa pamoja. Nati hiyo ina spana yake, yenye ncha iliyopinda kama ndoano. Huku karibu hakuna fundi anayekuwa nayo. Wanaweka tindo kwenye meno ya nati, wanagonga kwa nyundo.

Tata Mukendi akagonga. Pikipiki ikatulia kabisa. Nikamshukuru sana.

Siku ya nne mtetemo ukarudi.

Nikarudi kwake, akagonga tena. Safari hii zikapita siku tatu. Nikarudi mara ya tatu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kosa si la fundi peke yake. Ni mimi niliyemwambia, kwa mdomo wangu, akaze mpaka mwisho ili nisimsumbue tena. Akakaza mpaka mwisho.

Baada ya hapo pikipiki ikawa na tabia mpya. Ikienda polepole, kwa mfano mtaani kwenye watu, ilikuwa inatangatanga. Nikiinyoosha inavuka kidogo kwenda kushoto, nikiirekebisha inavuka kwenda kulia. Ilikuwa kama kumwongoza mlevi kwa kumshika mkono.

Nikadhani ni tairi, nikabadilisha tairi la mbele. Hakuna kilichobadilika. Nikadhani ni beringi za gurudumu, nikabadilisha. Hakuna.

Vijana wa pikipiki kwenye kona yetu wakapata la kusema. Tata Mukendi ni Mkasai, na Wakasai wana ngoma yao ya kutikisa kiuno, mutwashi. Mmoja akasema kwa sauti ili mzee asikie:

"Tata Mukendi alifundisha hii pikipiki mutwashi. Sasa inacheza hata pasipo ngoma."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Mzee aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya soko.

Tulitoka asubuhi jua likiwa limeshapanda. Kuna mteremko mmoja mrefu kabla ya daraja. Nyuma yangu kulikuwa na lori lenye mzigo, na mbele lingine lilikuwa linapanda kuja upande wetu. Nilikuwa kwenye sabini. Nikaachia gesi.

Wakuu, haukuwa tena mtetemo. Usukani ulininyang'anya mikono.

Ulikuwa unapiga kushoto na kulia kwa nguvu ambayo sikuijua. Viwiko vyangu vilikuwa vinapigwa kama vya mtoto. Kwenye kioo niliona uso wa lori umejaa. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikashika breki ya mbele. Ikawa mbaya mara mbili. Nikaiachia.

Kilichotuokoa sikukipanga. Mama Zaina kwa hofu alinikumbatia kwa nguvu na kunilalia mgongoni. Mimi nikainama mbele juu ya tangi na kulibana kwa magoti. Uzito wetu ukahamia mbele. Nikarudisha gesi kidogo sana, pikipiki ikanyooka, kisha nikaiacha ipungue yenyewe taratibu kuelekea pembeni. Lori likapita na honi yake, upepo wake ukatusukuma hadi kwenye vumbi.

Tuliposimama, niliilaza pikipiki chini.

Mama Zaina hakulia. Alifungua mpira, akashusha furushi lake, akalikalia. Halafu akasema bila kunitazama:

"Mi sikatale safari. Mi nakatala kufa juu ya boulon moya."

Nati moja, wakuu. Alikuwa sahihi kabisa.

Akasimamisha gari dogo lililokuwa linarudi mjini, akaondoka na vitenge vyake. Mimi nilirudi kwa mwendo wa baiskeli, saa nzima na zaidi, kila lori likinipita nikijibana pembeni.

Jioni hiyo aliniambia masharti yake. Hatapanda tena mpaka nimweleze pikipiki inaumwa nini. Habari ya kwamba imetengenezwa haitaki, anataka kujua inaumwa nini.

Nikakaa chini nikafikiri. Sisi tulikuwa tunatibu tu. Kila mara tunakaza, inapoa siku tatu, inarudi ikiwa mbaya zaidi. Dawa inayofanya kazi siku tatu halafu ugonjwa unazidi, huenda hiyo dawa yenyewe ina neno.

Wengi walinishauri nitafute fundi mwingine. Sikutaka. Tata Mukendi ni jirani, na kumkimbia ni sawa na kuungana na wale wa mutwashi. Asubuhi nikamwendea. Nikamweleza habari ya mteremko yote, pamoja na breki na lori. Aliposikia kwamba Mama Zaina alikuwa nyuma, akakaa kwenye benchi.

Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya kugusa nati yoyote, tuangalie pamoja.

Hivi ndivyo tulivyofanya, na wewe unaweza kufanya nyumbani bila spana hata moja.

Tuliiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, mimi nikakandamiza mkia mpaka gurudumu la mbele likaelea. Kwanza tukashika gurudumu juu na chini tukalitikisa: halikucheza, kwa hiyo beringi zake zilikuwa nzima. Tukalizungusha huku tumeweka kijiti karibu na rimu: halikuyumba. Tukashika shokapu za mbele kwa chini, tukazivuta na kuzisukuma. Hapo tukasikia mgongano mdogo, *tk*, juu kwenye shingo.

Tata Mukendi mkono ukaenda kwenye tindo.

Nikamwambia, Tata, bado kimoja. Shika usukani kwa vidole viwili tu, fumba macho, uzungushe polepole kutoka kushoto hadi kulia.

Akafanya. Usukani ulitembea vizuri kutoka kushoto, ukafika katikati, ukazama. Kama ulimi wa kitasa unavyoingia kwenye tundu lake. Ikabidi ausukume kidogo ndipo utoke kwenda kulia. Akarudia mara ya pili. Mara ya tatu hakumaliza, aliuacha pale katikati na kufumbua macho.

"Fungua," akasema.

Tukaifungua shingo. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka. Vikombe vya chini vilikuwa na vishimo vimejipanga mduara mzima, kama alama za vidole kwenye bukari, ugali wetu. Kila tulipokaza, tulikuwa tunazikandamiza gololi ndani ya chuma. Mwanzoni zinabana, pikipiki inatulia. Halafu kila shimo la barabara linazigonga kwenye vishimo vile, vinapanuka, shingo inalegea upya. Na kwa sababu mtu huendesha zaidi akiwa amenyooka, vishimo vilikuwa vimezama zaidi hapo kwenye kunyooka. Ndiyo maana ilitangatanga mtaani: usukani ulikuwa unakwama katikati badala ya kujitafutia njia wenyewe.

Mzee alikishika kile kikombe muda mrefu.

"Ku mine," akasema akikumbuka mgodi wake, "hakuna boulon yenye ilikufa juu ya kukazwa."

Nikamwambia mimi ndiye niliyeomba akaze mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. Akasema mwenye nyundo ndiye mwenye kazi.

Tulinunua seti nzima mpya: vikombe vyote vinne na gololi zote. Msichanganye cha zamani na kipya. Seti ya kwanza vikombe vyake vilikuwa vinaingia kwa mkono, bila kugongwa, tukairudisha, kwa sababu kikombe kinatakiwa kiingie kwa kubana. Ya pili ilikubali. Tukaviingiza kwa kugonga kidogokidogo kuzunguka ukingo, tukitumia kikombe cha zamani kama kinga ili tusiumize kipya. Grisi nyingi.

Ikaja zamu ya nati.

Spana ya ndoano hatukuwa nayo. Tata Mukendi alichukua kipande cha bomba, akakichonga meno kwa msumeno na tupa mpaka kikakaa kwenye nati. Kazi ya mchana mzima. Kisha akakaza kiasi cha kuvikalisha vikombe, akazungusha usukani mara kadhaa, akalegeza, halafu akaanza kukaza tena kidogokidogo. Kipimo ni hiki: gurudumu likiwa hewani, ukiusukuma usukani kidogo uanguke wenyewe mpaka mwisho, pande zote mbili, na ukivuta shokapu usisikie mgongano. Ukifika hapo, simama.

Alifika hapo. Niliona mkono wake unataka kuongeza. Miaka yote ile ya mgodi ilikuwa kwenye kile kifundo cha mkono. Nilitaka kumwambia, nikajizuia, kwa sababu ilibidi aache mwenyewe.

Akaitoa spana, akaiweka chini, mbali kidogo na mkono wake. Kisha tukakaza nati ya pili ya juu, inayoifungia ile ya kwanza isilegee, huku ile ya chini tumeishikilia isizunguke nayo.

Kesho yake tukaenda kuijaribu. Mtetemo wetu ulikuwa unatoka kukiwa na mzigo nyuma, kwa hiyo kujaribu nikiwa peke yangu kusingetuambia kitu. Nilitaka kufunga magunia mawili ya mchanga. Tata Mukendi akakataa.

"Mi njo nilikaza. Mi njo nitapanda nyuma."

Tukafunga gunia moja, na yeye akapanda. Nilimwonyesha jinsi ya kunilalia mgongoni ikianza.

Mteremko ule ule. Nilisubiri mpaka nyuma pakawa peupe. Hamsini. Sitini. Nilifika sabini na nilijua kwamba sasa natakiwa kuachia gesi, na mkono ukagoma. Tukapita nusu ya mteremko hivyo hivyo. Mzee nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acha sasa."

Nikaachia.

Usukani ulikaa. Ulikuwa mwepesi, umenyooka, unasikiliza. Tukafika chini darajani, nikageuza.

"Rudia," akasema. Tulirudia mara tatu.

Tuliporudi, Mama Zaina alikuwa amesimama kwenye kibanda. Nilimweleza yote, nikampa vikombe vya zamani avishike, apitishe kidole kwenye vile vishimo. Alipitisha. Lakini swali lake hakuniuliza mimi.

"Tata, mama ya batoto yako, unaweza kumubeba apa?"

Tata Mukendi aliniashiria nikandamize mkia wa pikipiki, akasukuma usukani kwa kidole, akautazama unavyoanguka kushoto, akausukuma tena ukaanguka kulia.

"Leo, ndiyo," akasema. "Kisha posho mbili munirudishie, nitaangalia tena. Bintu ya mupya inatafutaka kwanza fasi yake."

Posho kwetu ni wiki. Na ni kweli: vikombe vipya hujikalisha, shingo hulegea kidogo, lazima ipimwe tena.

Mama Zaina akaenda kuleta furushi lake. Njiani aliniambia kwamba kama mzee angejibu ndiyo tupu, asingepanda.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kilichobana si lazima kiwe kizima, na kwamba kabla ya kutibu mara ya pili uulize kwa nini tiba ya kwanza imeisha nguvu. Usukani ukikunyang'anya barabarani, usiguse breki ya mbele: bana tangi kwa magoti, inama mbele, acha mwendo upungue taratibu, na abiria akulalie mgongoni. Leo hii, kabla hujatoka, inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani kwa vidole viwili. Ukisikia kishimo katikati, usimpakie mtu.

Nina swali pia. Wenye shingo za beringi za roli badala ya gololi, mnapima vipi ukazaji wenu? Na kama kuna mahali nimeeleza vibaya, fundi aliye humu anisahihishe waziwazi. Tata Mukendi hajui kusoma simu, lakini nitamsomea kila jibu.