Somo la Uvutano Msibani

Aibu hii nawasimulia nyinyi tu, na msinicheke mpaka nimalize, maana nikimaliza hamtataka kucheka.

Mimi nafundisha fizikia Kasese. Rafiki yangu Baluku, mkulima wa kahawa kule milimani juu ya Bwera, aliuawa na jiwe lililoporomoka baada ya mvua likamkuta shambani, na hata kabla hatujamzika ndugu zake walishaanza kusema mkewe, Masika, ndiye aliyelituma (waligombana asubuhi ile, majirani wote walisikia). Masika akaniita pembeni. "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie jiwe lilianguka lenyewe, wasinifukuze na watoto."

Sentensi moja tu ingetosha, jamani. Lakini mimi na mdomo wangu wa darasani, nikaona watu wamejaa, nikaazima viazi viwili kwa akina mama waliokuwa wakipika, nikaviinua, nikaeleza kwamba kila kitu chenye uzito kinavuta kingine, dunia inavuta jiwe, jiwe nalo linavuta dunia, hakuna uchawi hapo, na nilipoona wazee wanatikisa vichwa nikadhani wameelewa (kumbe!), nikaongeza kwamba hata sisi tulivyokaa hapa tunavutana.

Kaka wa marehemu, mwanajeshi mstaafu, akasimama.

"Mwalimu, jibu swali. Masika iko na uzito?"

"Ndiyo, afande, lakini..."

"Basi na yeye ilikuwa navuta ile jiwe?"

Mwenye akili angesema hapana. Mimi nikaona nikisema hapana nitakuwa nimeidanganya fizikia. "Alilivuta, ndiyo, ila kidogo mno, haliwezi kusogea hata kwa unene wa unywele."

Hiyo "kidogo mno" hakuna aliyeisikia. Watu wakaanza kunguruma, mwalimu mwenyewe amekiri, nami kwa kutaka kumwokoa nikapaza sauti kwamba hata mimi nililivuta, nikiwa Kasese.

"Kumbe mulikuwa wawili," akasema mama mmoja taratibu, na wote wakatugeukia, mimi na Masika.

Masika hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nilikuomba yote hayo?" Mumewe akazikwa yeye akiwa njiani kurudi kwao na watoto, hakutupa hata konzi ya udongo kaburini. Iliniuma, na bado inaniuma.

Siku hizi msibani nasema poleni, nakaa. Nikiulizwa jiwe linaangukaje, nasema linaanguka.