Fundi Makochi na Sekunde Mbili

Fundi makochi hakukaa akatulia tena tangu asubuhi ile binti yake alipomsomea muda wake pale bwawani: sekunde thelathini na nane. Mwaka uliopita mita hamsini zilimchukua thelathini na sita.

"Saa yako mbovu," alisema, maji yakimchuruzika puani.

"Saa ni nzima, baba."

Alikuwa na miaka sitini na minne, na waogeleaji wenzake wa rika hilo walimwita Papa, kwa jinsi alivyozoea kuwatafuna. Sasa akaanza kutafuta mchawi. Alinunua miwani mpya. Akanyoa ndevu. Karakanani alivuta kitambaa juu ya sponji, akapiga misumari miwili, kisha akasimama kuzungusha mikono hewani huku mwenye kochi akimkodolea macho. Akaongeza mazoezi, alfajiri na jioni, mpaka bega la kulia likagoma. Hata kitambaa hakuweza tena kukivuta.

"Bega si spea," mkewe alimwambia akimkanda kwa maji moto. "Ukilivunja, duka gani litakuuzia jingine?"

"Ni sekunde mbili tu, mke wangu."

"Hizo hizo mbili ndizo unazonipigia mateke kitandani mwezi mzima!"

Akapumzika wiki tatu, shingo upande. Siku ya mashindano alikata maji kama mwendawazimu, akamaliza wa nne: thelathini na nane na nusu. Akakaa ukingoni kama kuku aliyenyeshewa.

Kando yake mkunga mstaafu, mama wa miaka sabini na mmoja, alikuwa akivaa kofia yake ya mpira.

"Miaka inakula mbio fupi kwanza, Papa. Mimi zilinitupa mkono zamani, nikahamia mita mia nne. Leo kuna njia moja bwawani haina muogeleaji. Au unaogopa kushindwa na bibi?"

Fundi aliinuka, akaenda kuandikisha jina.

Alianza kwa pupa. Kufikia mita mia mbili pumzi zilikuwa zimemwishia, na mkunga amempita taratibu, kama mtu anayekwenda sokoni. Nusura ashike ukingo atoke. Badala yake akapunguza mwendo, akaanza kuhesabu mapigo ya mikono, na bega likaacha kulalamika. Alifika wa mwisho. Watu wakampigia makofi ya huruma, jambo lililomuudhi kupita kiasi.

"Dakika nane na sekunde nne," binti alisema. "Umeridhika sasa?"

"Niridhike na nini? Nimeanza vibaya." Alipangusa uso, macho yakimtafuta mkunga. "Hebu nenda kamuulize, yeye hufanya mazoezi siku gani?"