Kebo Iliyopumzika

Sabra alipokuwa mdogo kule Chuno, mama yake na wenzake walibangua korosho wakiwa wameketi duara, ungo ukipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mmoja akiinuka kumnyonyesha mtoto, ungo ulirudishwa kwa upande wa pili na kazi ikaendelea. Baadaye Sabra alisomea mitandao ya kompyuta chuoni, akamzika mumewe, akamwoza bintiye Latifa huko Masasi, akafika miaka arobaini na mitatu. Lakini kila alipotakiwa kuchora mtandao, mkono wake ulichora duara lile.

Ndivyo alivyouchora mtandao wa chama cha ushirika kilichomwajiri. Kebo ilitoka ofisi ya Chuno, ikaenda Rahaleo, ikashuka ghala la karibu na bandari, kisha ikarudi Chuno kwa barabara nyingine. Kila kituo kilikuwa na swichi, kisanduku kinachopokea ujumbe na kuupitisha mbele. Kipande cha kutoka ghalani kurudi Chuno alikilaza makusudi, kisipitishe chochote. Kisingelala, ujumbe ungezunguka bila mwisho, ukizaana, hadi mtandao ukabwe. Kipande kingine kikikatika, swichi zenyewe zingekiamsha hicho kilicholala.

Ghala lilisimamiwa na Mzee Sudi, ambaye msimu wa korosho hakuvumilia kuona chochote kimekaa bure, awe mtu au mizani. Wiki moja kabla ya mnada wa kwanza aliona taa ya kebo ile iliyolala ni ya njano ilhali nyingine zote ni za kijani. Akaichomoa kebo, akaichomeka kwenye tundu lingine la swichi, ikawaka kijani, naye akaridhika. Dakika haikuisha, ofisi zote ziliganda, na Sabra alimaliza asubuhi nzima akitafuta chanzo, hadi akaigundua kebo ya ghalani na kuilaza tena.

Meneja Jafari hakugomba. Alisema tu kwamba mtandao ukiganda tena siku ya mnada, kebo ya kurudi itang'olewa na watarudia mtandao wa zamani, wa mstari mmoja usiozunguka. Sabra alikwenda ghalani na maneno makali, yakamwishia mlangoni alipomkuta mzee akikifuta kisanduku vumbi.

"Mama Latifa, nimeiharibu kazi yako?"

"Umemwamsha aliyelala, baba."

Akamweleza habari za mama yake na ungo. Huyu mmoja, alisema akiionyesha kebo, hapokei wala hapitishi. Anangoja mwenzake ainuke.

"Kazi hiyo ningempa shemeji yangu," alisema Mzee Sudi.

Siku ya mnada, saa nne asubuhi, kijiko cha mtambo wa wachimba mtaro kilikata kebo kati ya Rahaleo na ghala. Sabra alikuwa Chuno mbele ya kompyuta, akipeleka ghalani jumbe ndogo za majaribio, mia moja kila sekunde. Aliona tano zimepotea. Ya sita ikafika kwa njia nyingine, na zote zilizofuata. Chumba cha pili, kwenye mnada, makarani waliendelea kusoma madaraja ya korosho yaliyotoka ghalani, na Jafari aliomba chai.

Simu iliita.

"Mvivu wako kaamka," alisema Mzee Sudi. "Taa kijani. Nimsaidie?"

"Usimguse, baba."

"Basi namtazama tu."

Sabra alituma mafundi, kisha akakaa na furaha yake, kama mtu aliyepokea barua asiyetaka kuisoma haraka. Mchana Jafari alitoka nje, akarudi akisema amesikia kebo imekatwa.

"Saa ngapi?" aliuliza Jafari.

"Saa nne."

Jafari alitazama saa ya ukutani, ikisoma saa nane, akaenda zake. Habari ya kung'oa kebo hakuitaja tena, siku hiyo wala baadaye.

Jioni, mafundi walipomaliza kuunga, Sabra alipitia ghalani. Nyumbani hapakuwa na wa kumngoja, na leo hilo halikumuuma sana. Taa ilikuwa imerudi njano. Juu yake Mzee Sudi alikuwa amebandika kipande cha karatasi, kimeandikwa kwa kalamu nene ya kuandikia magunia: AMEPUMZIKA. ASISUMBULIWE.