Fundi Pili na Tundu la Milimita Sitini na Mbili

Saa moja asubuhi, Kihonda, mjini Morogoro, mwaka 2007. Bi. Pili Mkude amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine ndogo ya kuchonga iliyowekwa juu ya meza, penseli sikioni, daftari magotini. Anaandika tarakimu, anafuta, anaandika tena. Pembeni yake kompyuta kuukuu inayoiongoza mashine inavuma kama jiko la mchina la mafuta ya taa.

"Watu wanadhani kompyuta ndiyo inayofikiri," anasema bila kuinua macho. "Inafikiri nini? Inafuata daftari langu tu. Nikiiambia uongo, inakata uongo."

Leo hataki kukosea hata kwa unene wa unywele. Kwenye benchi ameketi Severini, mtunza mtambo wa umeme wa maji wa kijiji kimoja milimani juu ya Matombo. Alishuka jana na hausingi iliyopasuka ndani ya kikapu, yaani kile kikombe kinachoshika beringi ya mtambo. Tangu kipasuke ni wiki ya tatu, na zahanati ya kijiji imerudia koroboi. Akina mama wanajifungua kwa mwanga wa utambi.

"Shikamoo mama. Nimezunguka mji mzima," alimwambia alipofika. "Kila fundi ananiambia mtambo wa zamani hivi, vipuri vyake havipo."

"Marahaba baba. Keti kwanza, unywe chai," alimjibu.

Kutengeneza hausingi mpya kulihitaji alumini nene, na kwa wauza vyuma chakavu haikupatikana. Kilichobaki ni kipande kimoja, kilichofungwa kwenye khanga ndani ya sanduku la nguo la Bi. Pili. Hicho hakuwahi kukigusa kwa kisu.

Alikipata kiwandani. Bi. Pili aliingia kiwanda cha umma cha vipuri mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mafundi walikuwa themanini, wanawake watatu.

"King'ora kikilia asubuhi, barabara inajaa watu, ungedhani sikukuu," anakumbuka, na uso unamlainika. "Tukitoka tunanuka mafuta, tunacheka hadi njia panda. Nilikuwa siioshi mikono vizuri makusudi, watu wajue mimi ni fundi."

Aliyemfundisha ni fomeni wao, marehemu Mzee Laurenti, mtu wa Mgeta. "Alikuwa akisema, ukikata pungufu utarudi kukata, ukizidisha utarudi kwenu."

Kisha likaja soko huria. Vipuri vya bei nafuu vikajaa madukani, oda zikakauka, na mwaka 1996 kiwanda kikauzwa. Wafanyakazi waliitwa uwanjani, majina yakasomwa. Mzee Laurenti alimpa kile kipande cha alumini, akamwambia, "Usisahau kazi."

Miaka minane aliuza mchicha sokoni. Siku njema alirudi na shilingi elfu mbili. Mashine hii aliachiwa mwaka 2004 na mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akiitumia kuchonga vinyago vya mbao, baada ya kumtengenezea skrubu yake iliyokatika. Kitabu cha maelekezo ya mashine kilikuwa cha Kiingereza. Bi. Pili alikisoma na binti yake, ukurasa kwa ukurasa, kamusi katikati yao.

Sasa anamwonyesha Severini daftari. Beringi ina upana wa milimita sitini na mbili, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni thelathini na moja. Lakini kisu nacho kina unene wa milimita sita, na mashine hufuata katikati ya kisu.

"Kwa hiyo natoa tatu. Kinazunguka kwenye ishirini na nane. Ukisahau hizo tatu, beringi itacheza humo kama mbegu kwenye kibuyu."

Anajaribu kwanza kwenye ubao. Anapima tundu kwa venia, kipimo chake cha chuma chenye milimita, na uso unambadilika. Upande mmoja ni sitini na mbili, upande mwingine hazifiki.

"Ni yai hili, si duara," anasema. Skrubu inayosukuma meza ya mashine imelegea. Anaikaza, anajaribu ubao wa pili, wa tatu. Wa nne unatoka mviringo kamili.

Ndipo anapofungua khanga. Severini anaona anavyokigeuzageuza kipande bila kukiweka mashineni. "Mama, kama ni kumbukumbu, acha. Nitakwenda Dar."

"Alinipa nisisahau kazi," anajibu. "Hii si ndiyo kazi?"

Anapanga tundu la sitini na moja kwanza, anapima, kisha anapanua kidogo kidogo, kila mara akibadilisha namba moja daftarini. Baada ya mzunguko wa mwisho anazima mashine. Anaifuta beringi kwa kitambaa, anaiweka mdomoni mwa tundu, anaisukuma kwa viganja. Inaingia polepole, inakaa. Anainama juu ya mashine, analia kidogo, halafu anaomba chai.

Siku nne baadaye Severini alipiga simu. Taa zimewaka, na mtoto wa kwanza kuzaliwa chini yake, wa kike, ameitwa Pili ingawa ni kifungua mimba.

Kwa sasa Bi. Pili ana mpango mwingine. Mlinzi wa ghala lililochukua nafasi ya kiwanda, Bwana Dadi, amemwambia kuna mashine kubwa ya kuchonga imelala majanini nyuma ya ukuta, na mwenye ghala anataka iondoke. Bi. Pili amekwisha kumwaga sakafu ya zege ya kuiweka nyuma ya nyumba yake, futi kumi kwa kumi. Kwa sasa mbuzi wa jirani ndio wanaolala hapo.

"Walale tu," anasema. "Ila wasizoee."